Diski Mpya ya Sanduku la Miguu

Mlio ulianza Jumanne asubuhi, kabla sijatua mkoba. Pi, kimya, pi, kimya. Nikadhani ni simu ya mteja imesahauliwa chini ya benchi. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya mashine ya kushonea, nikakuta vipande vya ngozi, kisigino kimoja kisicho na mwenyewe, na vumbi la kutosha kunitia aibu maana zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Nilipoinuka ndipo nikaona kwamba kelele inatoka juu ya kabati, kwenye lile sanduku jeusi. Taa yake ya mbele, ambayo mwaka mzima ilikuwa ya kijani, ilikuwa nyekundu.

Sanduku hilo ndilo lililobeba miguu yote ya karakana yetu. Tunatengeneza viatu vya watu ambao miguu yao haifanani: mmoja mfupi, mwingine umepinda, mwingine hauna vidole. Tunatengeneza na miguu ya bandia. Kaka yangu ndiye fundi mkuu. Mimi napokea wateja, napima, naandika na nagomba, na hiyo kazi ya mwisho ndiyo niliyobobea. Zamani kila mguu tuliopima tuliufanyia kalibu ya plasta, yaani umbo lake kamili, tukaliandika namba na kuliweka rafuni. Mteja akirudi baada ya miaka mitatu kutaka kiatu kingine, hatumsumbui. Tunakwenda chumba cha nyuma, tunachukua mguu wake, tunaanza kazi.

Chumba kikajaa. Kalibu zikafika hadi chooni, na mtu ukikaa pale unatazamwa na vidole vya watu. Mwaka jana tukanunua mashine inayopiga picha mguu pande zote, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi wa mitambo, akatufungia sanduku la kutunzia picha hizo. Ndani yake mna diski mbili. Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa vile vile kwenye nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Tukazipiga picha kalibu zote za zamani, ambazo pamoja na miguu ya wateja waliokuja baadaye ni mia nne na kumi na mbili. Kisha mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema tuzivunje.

Kaka hakutaka. Alizunguka chumba kile siku mbili akizishika moja moja. "Plasta haihitaji umeme," aliniambia.

"Kaka, lile sanduku lina roho mbili," nikamjibu. "Wewe mwenyewe una moja."

Akacheka. Akasema, "Haya, mdogo wangu. Ukishasema wewe, mimi nimekubali."

Nikaanza na ya kwangu ili kumwonyesha mfano. Ilikuwa namba moja. Nimezaliwa mguu wa kushoto mfupi, umepungua vidole vinne, na kaka alijifunza kazi hii kwa sababu yangu, baada ya kunichongea soli ya kwanza kwa kipande cha mlango uliovunjika. Mama alimchapa kwa ajili ya ule mlango, kisha akaniona natembea, akaenda kumwomba radhi. Kalibu yangu ndiyo ya kwanza aliyoimwaga alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na kisigino chake kilikuwa na alama ya kidole gumba chake. Niliipiga nyundo mara mbili. Kwetu kalibu haitupwi nzima. Mguu wa mtu ni siri yake, hauwezi kukutwa jalalani watoto wakiuchezea.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini ile taa nyekundu ilinitia hofu. Kaka alikuwa safarini, amekwenda mji mwingine kuwavalisha wateja miguu mipya, arudi Ijumaa. Nilitaka akirudi akute taa ya kijani na mdomo wangu umefungwa.

Nikampigia shemeji. Alikuwa juu ya jengo refu akivuta nyaya, na upepo ulivuma ndani ya simu.

"Shemeji, sanduku linapiga kelele."

"Nimeona, ujumbe umenifikia. Diski ya pili imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Imekufa au inakata roho, kwetu sisi ni mamoja. Usihangaike, ndiyo maana ziko mbili. Zima sanduku, chomoa hiyo ya pili, nunua nyingine, chomeka, washa. Litanakili lenyewe."

"Ya pili ndiyo ipi?"

"Ya kulia. Si niliwaambia mbandike majina?"

"Tumebandika."

"Basi. Lakini sikiliza, shemeji: ya kushoto usiiguse. Hiyo ndiyo pekee yenye kila kitu sasa."

"Na hiyo mpya iwe ya namna gani?"

"Ukubwa uwe sawa au uzidi, usipungue hata punje. Na usikubali wakupe zile zinazo..." Upepo ukaichukua sentensi, na simu ikakatika. Nikapiga tena mara sita bila kumpata. Nikaandika kwenye kipande cha ngozi: sawa au izidi, isipungue, na usikubali zile zinazo. Zinazo nini, sikujua.

Bi Gundi alikuwa kwenye kiti chake akibandika soli. Huyu ndiye mkongwe wa karakana, alikuwepo kabla hata ya kaka kuinunua, na jina hilo amelipata kwa haki, kwa sababu hata ukimpa mkono kwenye msiba unanuka gundi. Ndiye aliyebandika zile karatasi siku sanduku lilipofungwa.

"Bi Gundi, uliandika sawasawa? Kulia ni kulia?"

Akaweka soli chini. "Tangu lini mimi nimekosea upande?"

Nikakubali, maana ni kweli. Karakana yetu ina makosa yake, lakini hilo halimo. Miaka ya nyuma fundi mmoja alimtengenezea mzee wa watu kiatu cha mguu usio wake, kwa sababu alichora akiwa amekaa mbele ya mteja na akaandika upande aliouona yeye. Tangu hapo tukawekeana sheria: upande ni wa mwenye mguu. Mteja akikaa mbele yako, mguu wake wa kulia uko kwenye mkono wako wa kushoto, na hatujali mkono wako unasemaje. Kila anayeanza kazi hapa hukosea wiki nzima, kisha anazoea, kisha nyumbani kwake anaanza kugombana na watu kuhusu upande wa kabati. Na tunaandika kwa kirefu, KULIA, KUSHOTO, kwa sababu herufi K peke yake haimsaidii mtu.

Nikazima sanduku. Nikasoma karatasi mara tatu. Nikavuta ile iliyoandikwa KULIA kwa mwandiko wa Bi Gundi, nikaifunga kwa kitambaa cha flana, nikaitia kwenye mfuko wa viatu, nikatoka nayo. Mtu akitaka mwenzake wa kiatu huenda na kiatu.

Duka lilikuwa jembamba, nyaya zimening'inia kutoka darini kama nguo za wiki nzima. Muuzaji alikuwa mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na haishuki machoni hata anaposoma. Nikaiweka diski yangu juu ya kioo.

"Nataka mwenzake huyu."

Akaigeuza, akausoma ukubwa wake kwa mbali. "Tera nne. Hii ni ya kamera, ya kompyuta, au ya sanduku?"

"Ya sanduku. Ziko mbili, zinaandika kitu kimoja."

"Ahaa, za kioo," akasema. "Moja inaiangalia nyingine." Akaniwekea diski ya kwanza. "Tera nne, mpya. Watu wengi huchukua hii."

"Basi nipe."

"Lakini kwa sanduku la namna yako haifai."

"Sasa mbona umenionyesha?"

"Kwa sababu watu wengi huchukua hii."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Akanieleza kwamba diski hiyo huandika mistari yake kwa kulaliana, mmoja umeukalia mwingine, kama vigae vya paa, na ukitaka kubadilisha kigae kimoja lazima uinue na majirani zake. Kwa picha za harusi haina neno. Lakini sanduku likianza kuimwagia mzigo wote kwa mkupuo, inalemewa, inanyamaza, na sanduku linadhani imekufa, linaikataa.

"Kumbe haijafa?"

"Haijafa. Inapanga vigae."

Nikatoa kipande changu cha ngozi. Usikubali zile zinazo. Zinazolaliana! Nilifurahi mpaka nikagonga kioo. Muuzaji akashika diski zake.

Akaniwekea ya pili. "Hii nayo imeandikwa nne."

"Imeandikwa, au ni nne?"

"Ni nne. Ila kila kampuni ina nne yake. Hii imepungua kidogo kuliko yako, unywele tu."

"Shemeji kasema isipungue hata punje."

"Shemeji yako anajua kazi."

"Sasa mimi nitajuaje nne ipi ni nne?"

"Nyuma pameandikwa," akasema, akaigeuza. Palikuwa na namba ndefu, mfano wa namba ya simu ya mtu anayeishi mbali sana. Akaigeuza na ya kwangu, nayo ina namba yake. Tukazilinganisha tarakimu kwa tarakimu, yeye bila miwani na mimi na miwani yangu, na katikati nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena palepale. Mimi ni mtu wa sentimita. Mguu unaupima kwa utepe, unaandika, unakwenda nyumbani.

"Huna pacha kabisa wa hii yangu?" nikamwuliza.

Akainama chini ya meza, akaja nayo. Nilipoiona moyo wangu ulitulia. Kampuni ile ile, rangi ile ile, mwaka ule ule na hata mwezi. Alisema imetoka kwenye ofisi iliyofungwa, ilikotumika kama ya kwetu ilivyotumika. Nikaona Mungu kaniona. Kwetu kiatu kimoja kikichakaa hatutengenezi kimoja. Soli mpya kando ya soli iliyolika inampinda mtu nyonga. Ama unatengeneza jozi nzima, ama unaisugua ile mpya kwa msasa mpaka izeeke sawa na mwenzake. Na hapa nimeletewa iliyokwisha kusuguliwa!

"Funga hii," nikasema.

"Nakushauri usichukue, dada."

"Kwa nini? Imechakaa sawa na mwenzake."

"Ubaya wake ndio huo. Zilizotoka kiwandani siku moja zikafanya kazi moja, huchoka pamoja. Yako imekufa leo. Hii itakufa lini?"

Nikafikiri. "Na ile iliyobaki kwenye sanduku?"

"Hiyo nayo iombee dua," akasema.

Alitoa ya mwisho. Kampuni nyingine, tera sita, imetengenezwa kwa ajili ya masanduku kama letu, na haikuwa na habari za vigae. Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko yangu, na hilo likanitia wasiwasi.

"Si kubwa mno? Sanduku halitachechemea?"

"Halitafanya nini?"

"Kuchechemea. Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi."

Kwa mara ya kwanza akashusha miwani machoni. Akatazama kiatu changu cha kushoto na soli yake nene, kisha haraka akatazama dari kwa adabu. "Halichechemei," akasema. "Litatumia nne tu. Hizo mbili zilizozidi litajifanya halizioni."

Jibu hilo nililielewa kuliko yote niliyoambiwa siku ile. Nikaichukua ya tera sita. Sitaki kujisifu, lakini nilijisifu. Nimeingia dukani sijui lolote, nimekataa vigae, nimekataa unywele, nimekataa na pacha ambaye moyo wangu ulimtaka. Nikawa namsimulia kaka kichwani, na yeye kichwani ananiambia, wewe ni kiboko.

"Hii mbovu nikutupie?" muuzaji akauliza.

"Haitupwi nzima. Una drili?"

"Ninayo. Lakini ngoja niichomeke kwanza tuone kama imekufa kweli. Dakika mbili tu."

Nikaivuta diski kwangu. "Humo mna miguu ya watu."

"Miguu?"

"Ya wateja wetu. Wengine hata wake zao hawajawahi kuiona. Hakuna kuchomeka. Toboa."

Akanitazama, akaitazama drili, akainua mabega. Akatoboa matundu matatu. Chuma kilitoa sauti mbaya na vipande vya kioo vikamwagika kwenye gazeti. Nilisimama pale mpaka mwisho, mikono nimeifunga kifuani, nimeridhika kama mtu aliyetunza amana.

Karakana nilirudi kabla ya saa nane. Nikachomeka ile mpya kwenye nafasi iliyokuwa wazi, ikaingia na kutoa mlio mdogo wa kukubali. Nikawasha. Bi Gundi naye akaja, mikono kiunoni. Tulisubiri pi. Likaja piiiii moja refu lisilokwisha.

Nikafungua kompyuta. Maandishi yalisema: nafasi ya kwanza, diski mpya, tupu. Nafasi ya pili, diski mbovu. Chini yake: hakuna data.

"Limechanganyikiwa," nikasema. "Mimi nimeweka mpya kwenye nafasi ya pili. Lenyewe linaiita ya kwanza."

"Labda linahesabu kutoka ndani," alisema Bi Gundi.

"Kutoka ndani wapi?"

"Mimi nitajuaje? Ulitakiwa useme bismillahi kabla ya kuwasha."

Nikalizima, nikaliwasha. Piiiii. Nikaenda nyuma ya kabati nikalitazama kwa nyuma. Kutoka nyuma ile mpya ilikuwa mkono wangu wa kulia. Nikarudi mbele, ikawa mkono wangu wa kushoto. Nikaenda tena nyuma. Kulia. Nikatazama mikono yangu yote miwili, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikijaribu kukumbuka ninaandikia upi. Bi Gundi akaanza kunizunguka na yeye, mpaka tukagongana kwenye pembe ya kabati.

Safari hii shemeji alipatikana mara moja.

"Ulitoa ya upande gani?"

"Kulia! Kama ulivyosema."

"Kulia kwa nani?"

Nikamgeukia Bi Gundi, simu ikiwa sikioni. "Anauliza kulia kwa nani."

Bi Gundi alishangaa hasa. "Kwa nani tena? Kwake. Sanduku limekaa pale linatutazama, uso wake ule wenye taa. Kulia ni kulia kwake. Mnataka niandike kulia kwangu mimi? Mimi ndiye mwenye diski?"

Shemeji alisikia. Akacheka, akacheka sana, na mimi nikabaki nimesimama sijui kama nicheke naye. "Sawa," alisema. "Hakuna kilichoharibika, shemeji. Umetoa nzima ukaacha mbovu, watu hufanya hivyo kila siku. Irudishe ile uliyoitoa, washa, kila kitu kitakuwepo. Iko wapi?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Iko wapi, shemeji?"

"Ina matundu matatu," nikasema.

Alishuka kwenye jengo lake siku ile ile. Alikuja na kifaa chake, akaichomoa ile mbovu kama mtu anayembeba mgonjwa, akaiwekea feni, akaibembeleza mpaka Jumatano jioni. Ilimpa faili moja moja, kwa kuchagua, bila mpango wowote tunaouelewa. Mguu wa mwaka jana, mguu wa miaka kumi iliyopita, mguu wa mtu aliyekwisha kufariki. Ilitoa tisini na saba. Kisha ikatoa mkwaruzo, ikanyamaza. Shemeji akasubiri saa nzima ameiwekea sikio, halafu akazima feni. Nikaipitia orodha. Mia tatu na kumi na tano hawakuwemo. Namba moja haikuwemo.

Usiku wa Alhamisi sikulala, lakini hilo halina habari ya kusimulia. Nililaumu upepo wa jengoni, nikamlaumu shemeji, nikamlaumu Bi Gundi, ambaye yeye hakuona kosa lake na mpaka leo halioni, na nikikaa nikitafakari nami silioni. Shemeji alisema kweli. Bi Gundi aliandika kweli. Muuzaji alitaka dakika mbili tu, na mimi nikamnyima kwa kuwalinda wateja wale wale niliokuwa nawapoteza. Kila mtu alikuwa sawa, na miguu haipo. Nilizungusha hesabu hiyo kichwani mpaka asubuhi, haikutoka.

Kaka aliingia Ijumaa saa nne, begi begani, vumbi la safari kwenye nyusi. Alianza kusimulia kuhusu mteja mmoja aliyekataa kuvua mguu mpya hata kulala. Kisha akaniona uso.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea. "Kaka, nimeipoteza miguu," nikasema. "Nimeitoboa mimi mwenyewe kwa drili."

Akaweka begi chini. Nikamweleza yote, diski ya kwanza, ya pili, kulia, kushoto, vigae, unywele, matundu. Alinikatiza mara moja tu. "Ngoja. Kulia kwa nani?" Nikamweleza. Akageuza mwili wake kuelekea kabati, akainua mkono mmoja, akaushusha, akainua mwingine. "Bi Gundi yuko sawa," akasema taratibu. Kisha, "Na shemeji naye yuko sawa." Akakaa kwenye benchi, akashika tama.

"Ni mimi niliyesema tuzivunje," nikamwambia. "Wewe ulikataa. Ulisema plasta haihitaji umeme."

Aliinuka akaenda chumba cha nyuma, kile nilichokisafisha na kukipaka rangi ya maziwa. Nilisikia hatua zake zikizunguka mle ndani mtupu. Nilitamani atukane. Kaka yangu hajawahi kunitukana maisha yake yote, na siku ile ningelipokea tusi kwa mikono miwili.

Alitoka na beseni la maji na bendeji za plasta.

"Keti."

"Kaka, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Watu mia tatu na kumi na tano. Tutawaita mmoja mmoja, na wewe ndiye utakayewapigia simu, na utawaeleza mwenyewe habari ya kulia na kushoto, mpaka waelewe." Akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya kiti cha wateja. "Vua kiatu. Tunaanza na namba moja."

Nikaketi. Akalowanisha bendeji, akaikamua, akanitazama kwa uso wake wa kazini, ule anaomtazamia mteja asiyemjua. Akauliza swali analomwuliza kila mtu kabla ya kumshika.

"Upande gani?"

Alikuwa anaujua mguu ule tangu nilipozaliwa. Lakini aliuliza, akasubiri, na mimi nikaitazama miguu yangu miwili nikalazimika kufikiri.

"Kushoto," nikasema. "Kushoto kwangu."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, sikuyazuia. Alianza kunizungushia bendeji kuanzia kwenye kile kidole kimoja, polepole, akilainisha kwa kiganja. Plasta ilikuwa baridi, kisha ikaanza kupata joto. Alipofika kwenye kisigino alisimama, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Umebadilika huu," akasema. "Hata ile kalibu ya zamani isingekufaa tena."

Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Nilitaka kumwuliza, nikainama kumtazama usoni, na yeye akanishika goti.

"Usitikisike," akasema. "Haijakauka."